Msaada wa Goma huanza kabla ndege haijatua

Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko la ardhi kuuangusha mji wa Port-au-Prince, serikali ya Kinshasa ilitangaza kwamba Kongo ingeipelekea Haiti dola milioni 2.5. Wapinzani walipiga kelele. Nchi ambayo walimu wake wanadai mishahara inatoa wapi pesa za kuwagawia wengine? Swali lilikuwa la haki. Lakini kulikuwa na deni la zamani pia. Kongo ilipata uhuru mwaka 1960 ikiwa na wahitimu wa chuo kikuu wachache mno, na katika miaka iliyofuata Wahaiti kwa mamia walivuka bahari kuja kufundisha katika shule zake, kutibu katika hospitali zake na kuendesha ofisi zilizoachwa wazi na Wabelgiji. Mhaiti aliwahi kuwa mfanyakazi wa misaada Kongo, na Mkongo naye alikuwa akirudisha mkono.

Kisa hicho hakitajwi sana, na hiyo ni hasara, kwa sababu picha iliyozoeleka ya msaada mashariki mwa Kongo ina upande mmoja tu: mgeni anatoa, mwenyeji anapokea. Goma imeishi ndani ya picha hiyo kwa zaidi ya miaka 30. Magari meupe yenye nembo za mashirika ni sehemu ya barabara zake kama zilivyo chukudu za mbao zinazobeba mkaa na viazi. Mfanyakazi wa misaada anayetoka nje anahitajika Goma, na kesho atahitajika vilevile. Hata hivyo anakuja kuongezea nguvu kazi ambayo wenyeji wameshaianza, na mfumo mzima wa misaada, kuanzia pesa hadi bima, bado umepangwa kana kwamba kazi huanza siku anapotua yeye.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mbingu juu ya Goma iligeuka nyekundu. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 na ulioko kilomita zisizozidi 20 kaskazini mwa mji, ulikuwa umepasuka ubavuni. Hakuna king'ora kilicholia. Watu waliona wenyewe, wakapigiana simu, wakabeba watoto na magodoro, wakatoka. Wengine walielekea magharibi, barabara ya Sake. Wengine walivuka mpaka kuingia Gisenyi, Rwanda, usiku uleule. Lava ilishuka kwa mikondo, ikakata barabara ya taifa inayokwenda Rutshuru, ikameza vijiji vya wilaya ya Nyiragongo na kusimama Buhene, mita mia chache tu kutoka uwanja wa ndege. Zaidi ya nyumba 3,000 ziliteketea. Waliokufa walikuwa wapatao 32, na si wote waliuawa na moto: wengine walikufa katika ajali za magari wakati wa kukimbia, na wengine walikosa hewa siku zilizofuata, walipojaribu kuvuka juu ya lava iliyoonekana imepoa huku ikiendelea kutoa gesi.

Asubuhi ya Jumapili mashirika ya kimataifa yalikuwa bado yanatafuta taarifa, na baadhi ya watu wao nao walikuwa wamehamishwa. Walioonekana kwenye vijiji vilivyoungua walikuwa wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu wa Kongo, vijana wenye vizibao vyekundu. UNICEF ilisema siku hiyo kwamba zaidi ya watoto 150 walikuwa wametenganishwa na wazazi wao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Tafakari kazi inayofuata hapo. Mtoto wa miaka minne aliyeachana na mama yake katika msongamano hajui jina la mtaa wake, hajui namba ya simu, pengine anajua tu kwamba baba yake anaitwa Papa. Anayeweza kumrudisha nyumbani ni mtu anayesema Kiswahili cha Goma na kuelewa Kinande au Kinyarwanda, anayejua ni kanisa gani lina paa la bluu karibu na soko, na anayejua ni kiongozi gani wa nyumba kumi wa kuulizwa. Mashirika ya Msalaba Mwekundu yaliweka vituo vya kusajili majina na kuwapigia ndugu simu, na wengi wa watoto wakarudi kwao. Hakuna mtaalamu, hata awe hodari vipi, angeifanya kazi hiyo akitokea Geneva.

Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Lava ilikuwa imesimama, lakini mwamba ulioyeyuka ulikuwa unasafiri chini kwa chini, ukipita mita mia chache tu chini ya nyumba za watu kuelekea Ziwa Kivu. Mitetemeko ilikuja kwa mamia, mchana na usiku. Tarehe 25 Mei vipimo vya Rwanda vilisajili mmoja wa ukubwa wa 5.3. Nyumba zilianguka Goma na Rubavu, upande wa Rwanda, barabara zikapasuka nyufa, na watu waliokuwa wameanza kurudi wakalala nje. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Luteni Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji lazima ihamwe mara moja. Hofu ilikuwa mlipuko mwingine, mjini kwenyewe au chini ya ziwa. Ziwa Kivu limebeba katika kina chake kiasi kikubwa mno cha kaboni dioksidi na methani, na gesi hiyo ikitibuliwa ghafla inaweza kupanda juu na kuua watu kwa maelfu. Watu takriban 400,000 waliondoka kwa siku moja au mbili.

Walikwenda wapi? Hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Sake ni mji mdogo, kilomita kama 25 kutoka Goma, na kwa miaka mingi umejulikana kwa kipindupindu. Ghafla ulipokea makumi ya maelfu ya watu. Shule zilijaa, makanisa yakajaa, na nyumba ya vyumba viwili ikalaza familia nne. Wengine walifika Minova, wengine walipanda boti hadi Bukavu, wengine walikwenda Rutshuru au Rwanda. Mashirika yalileta maji na madaktari, na Madaktari Wasio na Mipaka walifanya kazi kubwa Sake kuzuia kipindupindu kisilipuke. Lakini godoro la usiku wa kwanza, sufuria ya maharagwe, sombe na ugali, bidoni ya maji ya kunawa, vyote vilitoka kwa mtu ambaye jina lake haliko katika ripoti yoyote. Alikuwa mama wa Sake aliyegawa akiba ya mwezi kwa watu ambao baadhi yao hakuwahi kuwaona.

Kongo nzima ndivyo inavyoishi. Walio wengi kati ya watu wanaokimbia makazi yao nchini humo hawakai kambini; wanakaa kwa ndugu, kwa jirani wa zamani, kwa mtu wa kanisa moja. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila katika Kivu mgeni huja na watoto sita, na mwenyeji huanza kula mara moja kwa siku. Msaada ukija unamtafuta mgeni. Mgeni anapewa jetoni ya kupokelea msaada, anapanga foleni, anapata mchele na mafuta. Mwenye nyumba anatazama, naye ameshauza mbuzi wake. Ugomvi mwingi unaoripotiwa kati ya waliokimbia na wenyeji huzaliwa hapo, katika orodha iliyomwandika mmoja na kumruka mwingine.

Kosa hili si geni. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ulipasuka na lava ikapita katikati ya mji. Ilifunika takriban asilimia 13 ya Goma, ikazika sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikalifuta Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ikaiharibu hospitali ya DOCS ambayo baadaye ikawa HEAL Africa, kisha ikaingia ziwani ikitoa mvuke. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba, na mamia ya maelfu walivuka kwenda Rwanda. Mashirika yalijipanga haraka, yakatayarisha kambi upande wa Rwanda, yakawasubiri.

Watu hawakuja. Ndani ya siku mbili tatu walianza kurudi Goma kwa miguu, juu ya lava iliyokuwa bado moto, huku wataalamu wakishangaa. Wakati ule walionekana wakaidi. Ukiwasikiliza, walikuwa na hesabu yao. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na nyumba iliyoachwa wazi ingeporwa kabla jua halijazama. Kambi zilikuwa mbali na biashara zao, katika nchi ambayo majeshi yake yalikuwa yakipigana ndani ya Kongo. Kumbukumbu za kambi katika eneo hilo hazikuwa njema kwa mtu yeyote. Tena walijua kwamba atakayekuwa wa kwanza kusimama kwenye kiwanja chake ndiye atakayebaki nacho. Kurudi huko kuliwagharimu pia: tarehe 21 Januari kituo cha mafuta kililipuka kikiwa kimezungukwa na lava ya moto na kuua makumi ya watu. Hata hivyo uamuzi wao wa jumla ulikuwa na akili zaidi kuliko mpango uliokuwa umeandikwa kwa ajili yao, na hatimaye mashirika yalilazimika kuupeleka msaada kule watu walikokwenda.

Goma walijenga upya juu ya lava ileile. Walivunja mwamba kwa nyundo, wakapanga mawe meusi kuwa kuta na ua. Mitaa mingi ina nyumba za mbao, nyepesi, zinazoweza kubomolewa na kuhamishwa kwa siku chache. Mgeni huziona kuwa dalili ya umaskini, na umaskini upo. Lakini kwenye ardhi inayotikisika nyumba ya mbao huua watu wachache kuliko nyumba ya matofali iliyojengwa bila nondo. Februari 2008, tetemeko lililotokea kusini mwa Ziwa Kivu liliua watu zaidi ya 35, wengi wao upande wa Rwanda, na baadhi walikuwa ibadani Jumapili kanisa lilipowaangukia.

Tukirudi nyuma zaidi, Goma ndiyo ilikuwa darasa ambamo mashirika ya dunia yalijifunza kwa gharama ya maisha ya watu. Julai 1994, Warwanda wapatao milioni moja waliingia mjini na viungani mwake kwa siku chache. Kipindupindu kikalipuka, na inakadiriwa watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Moja ya sababu ilikuwa ardhi yenyewe. Huwezi kuchimba choo kwa jembe kwenye lava ngumu, wala kaburi. Maturubai yalikuja kwa ndege, sabuni ikaja, lakini mipango mingi iliyobebwa kutoka nje ilidhani chini kuna udongo. Mwenyeji yeyote wa Goma angewaambia. Mashirika makubwa yalijitathmini baadaye, na kutokana na aibu hiyo ukazaliwa, mwaka 1997, mradi wa viwango unaoitwa Sphere: walau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku, choo kimoja kwa watu 20, mita za mraba 3.5 za kulala. Viwango hivyo leo vinatumika kuanzia Uturuki hadi Bangladesh. Katika kambi hizohizo za 1994 mashirika pia yaligundua kwamba chakula chao kinawalisha waliofanya mauaji ya kimbari, waliokuwa wakizitawala kambi kwa nguvu. Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliondoka Novemba mwaka huo kwa sababu hiyo. Vitabu vimeandikwa juu ya somo hilo. Somo la choo halijaandikiwa vitabu vingi, na huenda lingeokoa watu wengi zaidi.

Kuna mfano mwingine wa elimu ya namna hiyo. Magharibi mwa Goma, kandokando ya ziwa, kuna mabonde madogo ambamo gesi ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutuama. Haina rangi wala harufu. Wenyeji huiita mazuku. Mbuzi aliyeshuka bondeni alfajiri hupatikana amekufa, na mtoto aliyemfuata huenda naye asirudi. Wakazi wa Bulengo na Lac Vert wanajua mashimo yapi hayakaliwi, na wanajua kwamba hatari huwa kubwa zaidi asubuhi kabla ya upepo. Katika miaka ya karibuni, vita vya waasi wa M23 vilipowasukuma mamia ya maelfu ya watu kuelekea Goma, maeneo hayohayo yaligeuka kambi. Mfanyakazi wa misaada anayepanga mahema bila kumuuliza mzee wa pale anaweza kuweka familia juu ya kifo akidhani ameipa hifadhi. Wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, wamekuwa wakichora ramani za mashimo hayo kwa miaka mingi.

OVG yenyewe inastahili kuzungumziwa kwa urefu. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1986, na kazi yake ni kuutazama Nyiragongo na jirani yake Nyamulagira: kupima mitetemeko, gesi, joto na mabadiliko ya ardhi. Mradi wa Benki ya Dunia uliokisaidia ulimalizika mwaka 2020 bila kuongezwa muda, kukiwa na tuhuma za matumizi mabaya ya fedha. Kwa miezi kadhaa kituo kilikosa hata pesa za intaneti, kwa hiyo takwimu kutoka kwenye vifaa vya mlimani hazikufika mjini. Intaneti ilirejea Aprili 2021. Mlima ukalipuka mwezi uliofuata.

Haki itendeke: watafiti walioandika katika jarida la Nature mwaka 2022 walionyesha kwamba mlipuko ule haukutanguliwa na dalili za kawaida ambazo vifaa hutambua, na huenda hata kituo chenye kila kitu kisingetoa onyo la siku nyingi. Hoja yenyewe haibadiliki. Gharama ya intaneti ya kituo kimoja kwa mwaka ni ndogo kuliko gharama ya ndege moja ya mizigo. Pesa za intaneti zilikosekana mwezi Februari; pesa za mablanketi zilipatikana mwezi Juni. Blanketi hupigwa picha, na mtu wa kulipokea anaonekana. Mfanyakazi wa OVG anayekaa mbele ya skrini usiku, akiwa hajalipwa kwa miezi, haonekani, ingawa yeye ni mfanyakazi wa misaada kwa maana kamili ya neno hilo.

Ndivyo ilivyo pia kwa kundi la vijana la Goma Actif, lililokusanya nguo, chakula na michango midogo ya simu kutoka kwa wakazi wenzao baada ya mlipuko, likapika kwa masufuria makubwa na kugawa. Baadaye, watu waliokimbia vita walipojaa Kanyaruchinya, mahali ambapo wahanga wa volkano walikuwa bado wanaishi kwenye mahema, vijana hao walirudi tena na masufuria yao.

Mwezi Mei 2016, kwenye mkutano wa misaada uliofanyika Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya pesa za misaada itafika kwa mashirika ya kienyeji kwa njia fupi kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulifika, na kiasi kilichokwenda moja kwa moja hakikufikia hata asilimia tano. Ukiuliza kwa nini, jibu la kwanza huwa ni uaminifu: wenyeji wataila.

Hofu hiyo haipaswi kufichwa chini ya mkeka. Tanzania inaikumbuka vizuri. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu 17 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Michango ilitoka kila kona: Wakenya walipeleka mabati na magodoro, Waganda walichanga, wananchi wa kawaida walituma kwa simu. Kabla ya mwezi kuisha Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa maofisa wawili waliotuhumiwa kufungua akaunti yenye jina sawa na la akaunti rasmi ya maafa. Kisha, Januari 2017, akiwa Bukoba, aliwaambia wahanga kwamba serikali haitawajengea nyumba. Kila mtu ajenge yake, na pesa za michango zitengeneze shule, zahanati na barabara. Shule ya Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza, na ni shule nzuri. Lakini mjane aliyesikia redioni kwamba mabilioni yamechangwa kwa jina lake, kisha akabaki chini ya turubai msimu wa mvua, alikuwa na haki ya kuuliza.

Basi uchu wa pesa upo kwa wenyeji. Upo kwa wageni pia, pamoja na maovu mazito zaidi. Wakati wa Ebola ya 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri, wanawake waliokwenda kutafuta kazi kwenye vituo vya kupambana na ugonjwa walidaiwa miili yao. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021 ikitaja watuhumiwa 83, wakiwemo 21 waliokuwa wameajiriwa na shirika hilo lenyewe. Walikuwamo Wakongo na wageni. Haiti nako, kipindupindu kilichoua karibu watu 10,000 kuanzia Oktoba 2010 kiliingizwa na askari wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, na Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi miaka sita baadaye. Dawa ya wizi na unyanyasaji ni ukaguzi, hesabu zinazobandikwa ukutani mtaani, na mahali pa kulalamika bila kuogopa. Pasipoti ya anayeshika pesa haijawahi kuzuia lolote kati ya hayo.

Kuna jambo jingine linalohusu thamani ya mtu. Tarehe 22 Februari 2021, miezi mitatu kabla ya mlipuko, msafara wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ulishambuliwa kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, ukielekea kutazama mradi wa chakula cha shuleni. Waliouawa walikuwa watatu: Luca Attanasio, balozi wa Italia, Vittorio Iacovacci, mlinzi wake, na Mustapha Milambo, dereva Mkongo wa shirika hilo. Italia iliwazika raia wake wawili kwa heshima za kitaifa, na ilistahili kufanya hivyo. Jina la Milambo liliachwa kabisa katika habari nyingi za nje. Aliitwa tu "dereva". Duniani kote, walio wengi mno kati ya wafanyakazi wa misaada wanaouawa kila mwaka ni watu wa nchi ileile: madereva, wauguzi, waweka hazina, wajitoleaji. Mgeni hali ikichafuka ana ndege ya kumtoa na bima ya kumtibu Nairobi. Mwenzake wa Goma anayefanya kazi kwenye ofisi ileile mara nyingi huambiwa abaki nyumbani na awe mwangalifu.

Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Maghala ya chakula yaliporwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi huohuo Marekani, iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa zaidi ya misaada ya Kongo kuliko nchi nyingine yoyote, ilisimamisha pesa zake. Februari wakazi wa kambi zilizouzunguka mji waliamriwa kuondoka, na mahema yakang'olewa. Katika siku hizo ambazo hakuna ndege iliyotua, wajitoleaji wa Msalaba Mwekundu walikuwa wakiokota miili barabarani na kuizika, na madaktari wa hospitali za mji walipasua majeruhi usiku kucha. Aliyesema kwamba bila ndege hakuna msaada Goma hakuwa akiwatazama.

Mfanyakazi wa misaada anayejiandaa leo kwenda Goma, au kokote ardhi inakotikisika, anaweza kubeba vitu ambavyo mwenyeji hana: vipimo vya gesi, mashine za kusafisha maji, ujuzi wa kupasua mifupa iliyosagika, na sauti inayosikika katika miji mikuu ya wafadhili. Sauti hiyo itumike kudai mambo yanayojulikana. OVG ilipwe mishahara na intaneti kwa miaka kumi mfululizo, pasipo kusubiri mlipuko. Familia inayopokea wakimbizi iandikwe kwenye orodha ileile na wageni wake, ipate pesa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, siku ileile. Orodha hiyo itunzwe na kusomwa hadharani na kiongozi wa nyumba kumi, mbele ya watu wanaojua nani anaishi wapi, kisha shirika lije kuikagua. Kila mjitoleaji anayetumwa kwenye lava au kwenye mstari wa mapigano awe na bima ya kifo na ya matibabu yenye kiwango sawa na cha mgeni anayemsimamia, na iandikwe ndani ya bajeti kabla haijasainiwa. Na barabara ya Sake, ambayo mwaka 2021 ilizibwa na magari, chukudu na watu wenye magodoro kichwani, ipangiwe zoezi la kuhama kila mwaka, pamoja na boti za kwenda Minova na Bukavu, mtaa kwa mtaa, wagonjwa na wajawazito wakitangulia.